Natembea hadi Shela kila alfajiri lakini mizani inapanda. Niache?

Assalaam aleikum Shangazi, na shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka 41, naishi Langoni hapa Lamu. Kazi yangu ni cherehani. Nashona mabuibui na magauni ya harusi, na siku nyingine naketi tangu asubuhi mpaka adhana ya Magharibi, siinuki ila kusali na kuangalia chungu. Mamangu ana sukari na presha. Mwezi uliopita nami nilipimwa presha ikaonekana imepanda kidogo. Daktari akaniambia bado sijafikia kupewa vidonge, lakini nianze kuutikisa mwili na nipunguze uzito.

Nikaazimia. Jumatatu moja alasiri nilipita kwenye duka la dawa nikapanda mizani, siku hiyo nilikuwa nimefunga sunna. Nilikuwa na kilo 84. Kesho yake mimi na wifi yangu tukaanza kutembea baada ya sala ya alfajiri, kutoka Langoni tukifuata ufuo wa bahari hadi Shela, kisha tunarudi. Kule mwisho twapita kwenye mchanga laini na ndiko kunakoniua. Siku tatu za mwanzo mapaja yaliniuma hata kuchutama ikawa taabu. Lakini sikuacha. Siku kumi na moja, nilikosa moja tu.

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, nilirudi kwenye mizani ile ile. Kilo 85 na gramu 600! Shangazi, nilishuka nikapanda tena nikidhani imeharibika. Nilitembea mara kumi, kula sikuzidisha, ila usiku wa kuamkia siku hiyo tulikuwa kwenye harusi ya jirani, nikala biriani na achari na soda mbili kama watu wengine. Na kweli, asubuhi baada ya kutembea njaa inanishika, badala ya mahamri mawili nala manne kwa mbaazi. Lakini si natembea?

Wifi yangu yeye anapungua. Anajifunga nailoni tumboni na mgongoni chini ya buibui, na siku moja alijipima kabla na baada, akapungua kilo 1 na nusu kwa asubuhi moja. Ananiambia nami nijifunge. Jirani mwingine anasema nimeze vidonge vya kukojoza maji vya mamangu, viwili vitatu tu, nitaona. Mume wangu anasema mwili wangu ni wa asili, nisijisumbue.

Harusi ya mpwa wangu ni Mfungo Saba, zimebaki wiki sita, na gauni langu nalishona mwenyewe. Kitambaa nimekinunua, sijakikata. Nikate kwa kipimo cha sasa au nisubiri? Na je, mazoezi yananinenepesha? Niache?

Mshonaji, Langoni

*

Wa aleikum salaam mwanangu, na marahaba.

Usiache. Hilo nalitanguliza ili kesho alfajiri wifi yako akipiga hodi akukute ushavaa viatu. Mengine yote nitakueleza taratibu.

Barua yako niliisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi, nikapiga mstari chini ya maneno "nimefunga sunna" na "harusi ya jirani". Mizani ya kwanza uliipanda alasiri na saumu yako. Tangu daku hakikuingia kitu tumboni wala tone la maji kooni, na joto la Lamu unalijua. Mwili unatoa maji kwa jasho, kwa pumzi na kwa haja ndogo hata mtu akiwa ameketi kwenye cherehani, na ikifika alasiri aliyefunga anaweza kuwa amepungukiwa na kilo nzima. Mizani ya pili uliipanda asubuhi baada ya usiku wa biriani, achari na soda, na chai juu yake. Chakula kina uzito wake: ukila nusu kilo ya wali na nyama, umeongeza nusu kilo mpaka kitakapotoka. Na chumvi ya achari inashika maji. Figo huchukua muda, pengine siku moja au mbili, kuirudisha hali ilivyokuwa. Kwa hiyo ulimpima mtu aliyekauka, kisha ukampima mtu aliyejaa, ukahesabu tofauti ukaiita mafuta. Hata kama usingetoka nje ya mlango wako siku zote zile, tofauti ya kilo moja na zaidi ingeweza kuonekana.

Lakini sitaki kulaumu biriani peke yake. Hata ungejipima kwa namna iliyo sawa siku zote mbili, ningetarajia uzito wako upande kidogo katika wiki ya kwanza na ya pili. Hili watu wengi hawaambiwi, na ndilo linalowarudisha nyumbani wengi walioanza kwa nia njema kama yako.

Yale mapaja yaliyokuuma ndiyo ushahidi. Mguu usiozoea mchanga laini ukifanyishwa kazi, nyuzi ndogo ndogo za misuli hupata michubuko. Si ugonjwa, ni njia ya mwili kujijenga. Ili kuitengeneza, mwili huleta maji mahali pale, kama vile kidole kinavyovimba ukijichoma na sindano. Maumivu hayo hukolea siku ya pili na ya tatu, na maji hukaa siku kadhaa zaidi. Unayabeba mwilini, na mizani inayapima.

Kisha kuna akiba ya misuli. Wali, mkate na mahamri unayokula, sehemu yake hugeuzwa sukari inayowekwa kwenye misuli na kwenye ini, nayo huitwa glaikojeni. Mtu mzima huweza kuwa na karibu nusu kilo ya akiba hii. Misuli inayoanza kutumika hujifunza kuweka zaidi, kwa sababu imeona kwamba kila alfajiri itadaiwa. Na glaikojeni haikai kavu: kila gramu moja hukaa na gramu kama tatu za maji. Ukiongeza gramu 100 tu za akiba, mizani itaona gramu 400. Hapo hapo utaelewa kwa nini mtu anayeacha wali na mkate kabisa hupungua kilo mbili tatu kwa wiki moja, akashangiliwa, kisha siku ya kwanza ya kurudi kwenye wali zote zinarudi. Ametoa akiba na maji yake. Mafuta aliyopoteza ni kidogo sana.

Na damu nayo huongezeka. Mtu akianza mazoezi, hasa mahali pa joto na unyevunyevu kama kwetu, katika siku chache za mwanzo mwili huzuia chumvi na maji ili sehemu ya majimaji ya damu iwe kubwa zaidi. Moyo unapata wepesi wa kusukuma, na ngozi inapata jasho la kujipoza. Haya ni mabadiliko mema kabisa, mwanangu, daktari wako angefurahi kuyaona. Ila nayo yanapimwa kwa kilo.

Sasa tuweke hesabu mezani, maana wewe ni mtu wa vipimo. Kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita 3, kwenda na kurudi 6. Mwanamke wa uzito wako akitembea kilomita 6 hutumia takriban kalori 250 zaidi ya zile ambazo angetumia akiketi. Mara kumi ni kalori 2,500. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Basi kazi yako yote ya siku zile, kama chakula hakikubadilika hata kidogo, ni gramu 300 na kitu za mafuta. Gramu 300! Na maji ya mwilini peke yake hupanda na kushuka kwa kilo moja, hata mbili, kati ya leo na kesho. Wewe umezaliwa Pwani. Mtu akitaka kujua kama bahari inaila pwani, hatazami maji yakijaa alfajiri akapiga kelele. Anajua yatakupwa. Anaweka alama kwenye ukuta, anangoja bamvua kadhaa zipite, ndipo anasema. Siku kumi na moja ni chache mno kwa gramu 300 kuonekana.

Pengine utamsikia mtu akikuliwaza kwamba mafuta yamegeuka misuli na misuli ni mizito. Usilishike hilo. Mafuta hayageuki misuli, ni vitu viwili tofauti, na kutembea kwa siku kumi na moja hakujengi kilo moja na nusu ya misuli kwa mtu yeyote. Ulichoongeza ni maji, pamoja na chakula kilichokuwa tumboni.

Na wewe mwenyewe umeniandikia kuhusu mahamri manne, nami sitakuficha. Hamri moja lililokaangwa, lenye tui ndani yake, laweza kuwa na kalori 150 au zaidi kulingana na ukubwa. Yale mawili uliyoongeza yanarudisha safari nzima ya Shela, kwenda na kurudi, na kuzidi, kabla jua halijapanda. Soda ya mililita 300 ni kama nusu ya safari. Njaa baada ya kutembea ni ya kweli, sikuambii uivumilie. Kunywa maji kwanza, keti dakika kumi, kisha kula mawili yako kama zamani na uongeze mbaazi badala ya hamri. Mbaazi zitakushibisha zaidi. Ila angalia mkono wako kwenye tui zito.

Tuje kwa wifi yako, na hapa nataka mnisikilize nyote wawili, hata barua hii umsomee. Kilo 1 na nusu aliyopoteza asubuhi moja ni lita 1 na nusu ya jasho. Lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna siri nyingine. Akinywa maji inarudi, na asipoyanywa anajiumiza. Jasho linapoza mwili pale tu linapokauka juu ya ngozi. Ukiifunga ngozi kwa nailoni, juu yake buibui, katika hewa ya bahari iliyojaa unyevu, jasho linatiririka lakini halipozi. Mwili unapanda joto, damu inapungua maji, figo na moyo vinalemewa. Huko Marekani, mwishoni mwa mwaka 1997, wanamieleka watatu wa vyuo walikufa katika muda wa kama mwezi mmoja, wakijitoa jasho kwa namna hiyo ili wafikie uzito wa mashindano. Walikuwa vijana wenye nguvu, wamezoea mazoezi. Baada yao kanuni za mchezo huo vyuoni zilibadilishwa. Wifi yako ni mtu mzima anayetembea kwa ajili ya afya yake, na nailoni ile haitoi hata gramu moja ya mafuta zaidi. Aivue kesho.

Vidonge vya mamako viache kwenye kopo lake. Vinakojoza maji, navyo huondoka na chumvi ambazo moyo unazihitaji ili upige sawasawa, hasa potasiamu. Yeye amepewa kwa kipimo cha hali yake, na anafuatiliwa. Wewe utapungua kilo moja ya maji kwa siku mbili, na kile kidogo cha mafuta ulichokuwa unakifanyia kazi kitabaki pale pale. Tena kila kidonge ukichukuacho ni siku moja mgonjwa atakosa dawa.

Mumeo naye tumwelewe kwa wema, kwa sababu anakupenda ulivyo, na hilo ni la kushukuru. Mwili wa asili ni kweli upo: kuna walio wanene kwa urithi na hawatakuwa wembamba kamwe. Lakini wewe hukwenda Shela kutafuta wembamba. Ulipelekwa na presha iliyoanza kupanda, na mama mwenye sukari nyumbani. Kwa hayo mawili kutembea kwako kumeshafanya kazi tangu siku ya kwanza, na mizani haina jicho la kuiona. Mtu akimaliza kutembea kwa nguvu, presha yake huweza kushuka kidogo kwa saa kadhaa baadaye. Misuli iliyofanya kazi huivuta sukari kutoka kwenye damu kwa urahisi zaidi siku nzima inayofuata, wakati mwingine siku mbili. Ndiyo maana kukosa siku moja si neno, lakini kukosa wiki kunarudisha nyuma. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na wewe kwa safari zako umeshazipita. Rudi kwa daktari baada ya wiki chache upimwe presha. Namba ile naijali zaidi kuliko kilo zako.

Kama bado unataka mizani, na najua unaitaka, jipime hivi. Mizani iwe ile ile moja. Asubuhi, ukishatoka chooni, kabla ya chai, na nguo nyepesi bila buibui. Ikiwa ni ya nyumbani iweke kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya mkeka wala busati, na nyumba zetu za zamani sakafu zake zina mabonde, chagua mahali pamoja usipahame. Andika kwenye daftari lako la wateja, ukurasa wa nyuma, mara tatu nne kwa wiki, kisha jumlisha ugawanye upate wastani. Linganisha wastani wa wiki na wa wiki. Na siku za kukaribia hedhi wanawake wengi huongeza maji, kwa wengine nusu kilo, kwa wengine hata kilo mbili. Basi usilinganishe wiki hiyo na iliyopita, ilinganishe na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita.

Lakini chombo chako bora unacho shingoni kutwa. Futi! Unawapima wanawake wa Lamu nzima kiuno na wewe mwenyewe hujipimi. Tafuta ubavu wa mwisho chini, tafuta mfupa wa nyonga, zungusha futi katikati yake, toa pumzi kama kawaida bila kuvuta tumbo, soma. Mara moja kwa wiki yatosha. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80, yaani kama inchi 31 na nusu, hatari ya sukari na maradhi ya moyo huanza kuongezeka, na kikizidi sentimita 88, karibu inchi 35, huwa kubwa zaidi. Kuna watu ambao kilo zao hazikusogea miezi miwili na futi ikapungua inchi nzima, kwa sababu mafuta ya tumboni yalitangulia kuondoka.

Jambo moja ni la haraka. Niliyoyasema kuhusu maji ni ya mtu mzima asiye na ugonjwa. Uzito ukipanda ghafla, kilo mbili au zaidi kwa wiki, na pamoja nao miguu ikavimba hadi ukibonyeza kidole kunabaki shimo, au ukawa huwezi kulala chali kwa kukosa pumzi, usingoje wastani wa daftari. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwambie na mamako hivyo.

Sasa gauni. Kwa wiki sita, ukitembea na ukarudi kwenye mahamri mawili, unaweza kupungua kilo moja ya mafuta, pengine mbili ukipunguza na wali wa usiku na soda. Sitakuahidi zaidi. Basi kikate kitambaa kwa kipimo chako cha sasa, na ujipime jioni baada ya kula, kwa sababu harusini utakula. Pindo la mbavuni liachie inchi mbili kila upande kama unavyowaachia wateja wako, ulishikize kwa mshono mrefu wa kufumuka, na siku nne kabla ya harusi ulivae ulibane panapobanika.

Shangazi